Ukifa, Tukupeleke Wapi?

Arua, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Prossy,

Hamjambo huko Koboko? Shemeji na watoto wazima? Mimi mzima, ila kichwa kinanizunguka. Anayeniandikia ni Zam, jirani yangu.

Nimepewa chumba! Miaka kumi na mbili nimelala kwenye baraza za maduka, leo niko na kitanda, ufunguo, na nesi anakuja kila Jumanne kuuliza kama nimemeza dawa. Patience, msimamizi wa hizi nyumba za wasio na makao, anasema chumba ni changu maisha yangu yote. Nikamwuliza, mnataka nini kwangu? Akacheka. Mtu anakupa nyumba halafu anacheka, utamwelewa?

Kisha akaleta fomu. Swali la tisa: ukifa, tukupeleke wapi? Ala! Hata godoro sijalizoea, wao wanapanga jeneza. Zam anasema kila mtu anaulizwa. Lakini yeye ana watu wake. Mimi je? Marehemu mume wangu hakunitolea mahari, ndugu zake wakanifukuza matanga hayajaisha. Nikaenda nyumbani Aroi, kaka Aliga akanifungia mlango. Nikizikwa na manispaa kama mtu wa kuokotwa, hiki chumba cha kudumu ni cha nini? Siweki kidole kwenye fomu bila jibu, na nisipoweka, mwisho wa mwezi chumba watampa mwingine. Muulize Aliga.

Dada yako,
Driciru

Koboko, 19 Machi

Dada Driciru,

Waendeleaje? Miguu imepona? Sisi tunamshukuru Mungu, mvua imeanza.

Nilienda Aroi mwenyewe. Aliga akanichinjia kuku. Nilipomwambia hakubisha hata kidogo! Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mahali ubavuni pa kaburi la mama. "Dada yangu hawezi kuzikwa na manispaa," akasema, machozi yakimlenga. Nikamwambia, basi aje sasa, akiwa hai. Akatazama chini. Akasema nyumba imejaa.

Dada, nilitaka kumtukana na kumshukuru kwa pamoja. Nikala kuku wake. Nakuomba, andika Aroi.

Mdogo wako,
Prossy

Koboko, 30 Machi

Dada,

Salamu tu. Kimya chako kinanitisha, mwezi unaisha kesho. Umesaini, au umerudi barazani? Au nilikosea kukuambia yote?

Prossy

Arua, 4 Aprili

Prossy wangu,

Pole kwa kukutia hofu. Afya iko, akili ndiyo sijui. Barua yako ilinichekesha siku mbili, ikaniliza siku tatu, mpaka Patience akamwita nesi. Maiti yangu iko na kwao, mimi mwenyewe sina! Nikaondoka, nikaenda kukaa kwenye baraza ya duka la Kadijah, nilikokuwa nikilala zamani. Mvua ikanipiga, nikajiuliza: namkomoa nani? Aliga yuko pakavu.

Basi nikarudi, siku ileile ya mwisho. Kwenye swali la tisa nilimwambia Patience aandike: Aroi, kwa kaka yangu. Akanionyesha nafasi nyingine tupu, ya makazi. Nikasema andika: hapa, chumbani kwangu. Nikaweka kidole.

Mwambie Aliga, kutoka Aroi mpaka huku ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Asingoje kuja na jeneza.

Dada yako,
Driciru