Kwa Mjomba Aliyepima Mvua ya Mgeta

Mpendwa mjomba,

Shikamoo, huko uliko. Mama anasema marehemu haandikiwi barua, anaombewa dua. Dua nimekuombea. Ila nina jambo linanisonga, na wa kulielewa ni wewe tu.

Unakumbuka lile kopo la kudakia mvua, walilokukabidhi watu wa hali ya hewa, nyuma ya shamba lako la kabichi? Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe Idi, iwe una homa, ulimimina maji kwenye glasi yenye mistari, ukapiga goti matopeni mpaka jicho likawa usawa wa maji. Majirani walikutania: "Mzee anahesabu matone!" Ulicheka nao, na kesho yake ukaenda tena.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja ulinituma nikapime. Nikateleza, maji yote chini. Kwa hofu nikaandika daftarini milimita ishirini na mbili, namba niliyoona tu inafaa. Jioni ukaniuliza, "We, mbona sketi imejaa matope?" Nikasema kweli huku nalia. Hukunigusa. Uliikata ile namba, ukaandika: "Maji yamemwagika, leo hakuna kipimo."

"Mjomba, watu wa hali ya hewa watatucheka wakija kuchukua daftari."

"Watucheke. Kicheko kitaisha. Namba ya uongo itakaa humu mpaka tufe wote."

Siku ile nilikuona mnoko. Leo nakuona mkubwa kuliko maprofesa wote niliokutana nao, na nimekutana nao wengi.

Sasa sikia. Nimemaliza shahada ya uzamivu hapa Morogoro, nikapata nafasi ng'ambo: miaka miwili ya utafiti kwenye maabara ya sayansi ya vipimo, mahali ambapo watu wazima wanabishana siku nzima mita moja ni ndefu kiasi gani. Ungepapenda! Walinichagua kwa kazi yangu ya kupima unyevu wa mahindi. Mwezi uliopita, nikikagua vifaa ili nivikabidhi, nikagundua kipimajoto cha oveni niliyokaushia mahindi kilikuwa kinasoma pungufu, kumbe joto halisi lilizidi. Namba zangu nyingi hazifai. Rafiki yangu akaniambia, "Uchune tu, nani atajua?" Siku tatu niliuchuna kweli, mjomba, sikufichi. Ya nne nikawaandikia wale wa maabara kila kitu.

Jibu limekuja juzi. Wamenishukuru kwa uungwana wangu, na nafasi wamempa mwingine.

Nimelia mpaka mama akaogopa. Niliitaka ile nafasi jamani, niliitaka sana! Lakini nikijiuliza kama ningeweza kuishi na siri ile miaka miwili, najibu hapana, na najua nani alinilea hivyo. Najivunia kuwa wako.

Jumatatu naanza kupima mahindi upya, tangu gunia la kwanza. Mwakani nitaomba tena. Wakinikataa, watakuwa wamemkataa mtu aliyepima kweli.

Mungu azidi kukurehemu.

Mpwa wako