Matairi Yaliyokaa Chini ya Ardhi

Nyumba ya Kilimani,
Coober Pedy,
Australia Kusini.
Jumatano, 11 Juni 2008.

Mpendwa mdogo wangu Piroska,

Nakusalimu sana, na kabla ya lolote nataka kujua habari za goti lako. Barua yako ya Machi ilisema unashuka ngazi kinyumenyume kama mtu anayeingia kisimani; natumaini sasa unazishuka kama binadamu wengine. Cheri chachu za uani zimeiva? Mvua ya mawe imezisamehe mwaka huu? Juni ya kwetu Szentes ndiyo ninayoikumbuka kuliko miezi yote, labda kwa sababu Juni ya hapa ni baridi na vumbi tu, na hakuna mti wa kumwambia mtu majira.

Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na mmoja. Sikio la kushoto limeshastaafu. Kila asubuhi kifua kinakohoa vumbi la machimbo ya vito vya opali, kisha kinatulia. Macho bado yanasoma, na kwa hilo nashukuru kila siku.

Mjukuu wako Boglárka anaendelea vizuri. Mfupa wa mtulinga unaunga. Daktari alimpima juzi akasema mkono ubaki kwenye kitambaa wiki mbili zaidi. Anakula. Anapika pia, yaani yeye anakaa kwenye stuli na kuamuru, mimi nakata vitunguu. "Babu, hiyo si supu ya maharage, hayo ni maji ya kuoshea maharage," aliniambia jana, nikajua anapona.

Barua yako ya tarehe 27 Mei imefika. Umeniagiza nimwambie mjukuu wako kwamba ni mzembe, kwamba alianguka kwa kiburi chake, na kwamba auze pikipiki arudi nyumbani. Sijamfikishia agizo hilo, Piroska, wala sitamfikishia. Hakuanguka kwa uzembe. Alianguka kwa sababu yangu, na hadi ninapoandika mstari huu hajui.

Acha nieleze kwa utaratibu.

Kazi yake unaijua: kila Jumapili mchana alikuwa akienda kilomita mia moja na sitini hadi kwenye ranchi ya Lorna Teague, akiwafundisha watoto wawili wa Lorna mpaka Ijumaa, kisha akirudi kwangu. Barabara yenyewe ni mawe madogo makali, na mahali pengine udongo mwekundu ambao ukipata manyunyu hugeuka sabuni. Kufikia katikati ya Mei matairi yake yalikuwa kipara. Jumamosi ya tarehe 17 tukaenda kwa Pantelis, Mgiriki anayetengeneza kila kitu chenye magurudumu hapa mjini, rafiki yangu wa miaka thelathini.

Pantelis alimweleza vizuri. Tairi la meno mafupi na mpira mgumu hudumu sana kwenye mawe, lakini njia ikilowa halishiki. La meno marefu na mpira laini hushika udongo, ila huisha mapema. "Chagua, binti," alisema. "Ama ubadilishe tairi mapema, ama ubadilishe mifupa."

Boglárka alichagua yale laini bila kusita. Ila hayakuwepo dukani. Yangekuja na lori la Alhamisi, na kuyangoja kungemaanisha watoto wa Lorna wakose masomo ya wiki nzima. Alitoka nje akiwa amenuna. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Usubiri ya nini?" nikamwambia. "Mimi ninayo mawili nyumbani, chumba cha ndani kabisa. Saizi hiyo hiyo."

Niliyanunua mwaka 1993, nilipokuwa bado naenda machimboni kwa pikipiki. Kisha mke wangu Margit akaugua, pikipiki nikaiuza, matairi yakabaki gizani na karatasi zake za dukani. Hapa wengi wetu tunaishi ndani ya kilima, na tuna imani moja: kilicho chini hakizeeki. Jua la juu linaua kila kitu, plastiki, rangi, mbao, ngozi za watu. Chini kuna ubaridi uleule mwaka mzima. Watu huhifadhi huko viazi, divai, hata nguo za harusi. Vitabu vyangu vya mwaka 1962 havijageuka rangi. Nilichukulia kwamba mpira ni kama karatasi. Ningeweza kusoma kuhusu jambo hilo. Nimesoma mambo ya mbali zaidi na yasiyo na faida yoyote.

Boglárka aliyageuzageuza mikononi. Bado yalikuwa na vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani.

"Babu, mapya kweli haya?"

"Hayajatembea hata hatua moja," nikamjibu.

Ilikuwa kweli. Kila neno nililosema siku ile lilikuwa kweli, na ndiyo maana limenikaa vibaya.

Niliyafunga mwenyewe, mbele ya mlango. Yalikataa kuingia kwenye rimu. Nilitumia sabuni, nilitumia magoti, nilitumia vyuma vitatu vya kusukumia tairi pale ambapo zamani viwili vilitosha. Boglárka alisimama akinitazama, mwisho akasema, "Magumu sana, babu. Tungoje tu yale ya Pantelis." Nikacheka. "Tairi halina neno," nikasema, "ni mikono ya babu yako ndiyo imelegea." Nililaumu uzee wangu, Piroska, kumbe uzee ulikuwa wa tairi. Ni mara ya kwanza maishani kwa kujishusha kwangu kumuumiza mtu.

Kesho yake alipokaribia ranchi yalianguka manyunyu, mvua isiyotosha hata kufunga barabara. Kuna kona moja pana, si kona ya kutisha. Alikuwa ameshaipita mara thelathini, hata na vile vipara vyake. Gurudumu la mbele likaondoka chini yake. Alilala kando ya njia karibu saa nzima, hadi Lorna alipoona muda umepita akatoka na gari kumtafuta.

Kwenye simu alikwambia kwamba aliingia kona kwa kasi. Ndivyo anavyoamini. Alitafuta kosa, na mtu pekee aliyekuwepo barabarani alikuwa yeye. Lakini Lorna alizitazama alama kwenye udongo na kuniambia pembeni, "Mzee, huyu alikuwa akienda polepole kama bibi harusi. Sielewi."

Pantelis alielewa. Pikipiki ililetwa kwake tarehe 23 ikiwa nyuma ya gari la ranchi, naye akaniita. Alikuwa amechuchumaa akikwangua tairi la mbele kwa ukucha, na ukucha hauachi alama, kwa jinsi mpira ulivyokakamaa.

"Nani kamvalisha mtoto viatu vya maiti?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Wewe mwenye maktaba?" Akanionyesha tarakimu zilizopigwa ubavuni, za wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. "Tatu. Ya siku hizi yana nne. Hizi tatu ni za karne iliyopita! Hukuziona?"

"Yalikuwa chini, Pantelis. Chini kitu hakizeeki."

"Hakizeeki!" Akasimama, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Haya, jitazame basi. Una miaka arobaini huko chini."

Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Nikamwomba asiseme, nimwambie mimi. Akanipa siku chache. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza, kabla sijafungua kinywa, yeye ndiye aliyeniomba radhi, kwa kuharibu matairi yangu mapya. Nikashindwa. Mara ya pili ilikuwa Jumapili iliyopita. Aliniambia ameamua kumwandikia Lorna atafute mwalimu mwingine, kwa kuwa mtu asiyeweza kupita kona ile hapaswi kupanda pikipiki. Atabaki hapa mjini, atafute kazi ya jikoni hospitalini, na jioni tutasoma pamoja.

Nami nilifurahi. Haya ndiyo niliyokuwa naogopa kuyaandika. Kwa dakika nzima nilifurahi.

Elewa, silitetei jambo hilo. Kwa miaka hamsini na moja hakuna mtu wa damu yangu aliyelala chini ya paa langu. Lugha yetu nilikuwa naisoma tu, siisikii; Boglárka alipofika Oktoba alicheka siku tatu mfululizo kwamba naongea kama redio ya zamani. Sasa anaimba anapochana nywele, ananisahihisha maneno, anafunga milango kwa kishindo kama mama yetu. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa na mtu wa kula naye hadi siku zangu ziishe, na gharama yake ni yeye kuamini maisha yake yote kwamba mikono yake haifai.

Kilichonizuia ni wewe. Unakumbuka mwaka 1991, kwenye kaburi la mama? Uliniambia kwamba nilipotoroka nchi Novemba ile ya 1956, vifaru vya kigeni vilipoingia, ukiwa na miaka kumi na mmoja, ulidhani nimeondoka kwa sababu ulikuwa umemwaga wino kwenye vitabu vyangu. Ulisema uliamini hivyo mpaka ulipokuwa na watoto wako. Mimi hata wino siukumbuki. Sikukuaga kwa sababu ungelia na majirani wangesikia, basi. Sababu ilikuwa fupi hivyo, na barua moja tu ingetosha kuisema. Nilikuandikia kumi na tano mwaka ule wa kwanza, zote kuhusu hali ya hewa.

Kwa hiyo usimrudishe kwa kosa langu. Ukitaka arudi, mwombe arudi kwa kuwa unamkumbuka. Hiyo ni sababu halali, na sitakuwa na la kusema. Ila akiondoka, aondoke akijua kwamba ni mwendeshaji mzuri aliyepewa matairi mabovu na mzee anayempenda.

Mdomo umenishinda, kalamu imekuwa na ujasiri kidogo. Bahasha siifungi. Nikimaliza nitaiweka barua mezani mbele yake aisome yote, pamoja na ile dakika ya furaha yangu, na yeye ndiye atakayeamua kama aipeleke posta. Kwa Pantelis kuna jozi ya matairi laini iliyofika na lori. Nimemwambia asiyafunge kwenye pikipiki mpaka Boglárka aende kuyashika mwenyewe, asome tarakimu mwenyewe. Anaweza kuyachukua, anaweza kuyaacha. Mimi sitakwenda naye.

Nisalimie mwanao Gergely na mkewe Emőke. Waambie mtoto wao yu mzima, na kwamba nitawaandikia kivyao, maana kwao pia nina deni la maelezo. Nisalimie Vilma wa jirani, kama bado anagombana na kuku wako. Mungu akutunze wewe na goti lako, ailinde nyumba yetu ya zamani na kila aliyemo, na akupe moyo wa kunikasirikia bila kuniacha.

Ni mimi kaka yako nikupendaye toka mbali, mwenye kukuomba radhi kwa hili na kwa lile la zamani,

Dénes

*

Bibi, nimesoma yote, mara mbili. Leo siongei naye. Wewe usimwandikie maneno makali, hiyo kazi ni yangu na sijaimaliza. Lorna sijamwandikia bado. Nakwenda posta sasa hivi, na nikitoka huko nitapita kwa Pantelis. — B.