Kichwa Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ukuta! Mganga mkuu kaniita asubuhi — nikajua nimeshaharibu kitu — kumbe ni ule ukuta mrefu wa mlangoni. Tafuta mchoraji, kasema, watu wakiingia kituoni wajione wamekaribishwa. Wewe ndiye mapokezi. Miaka kumi na minne naandikisha wagonjwa dirishani, leo ndiyo nimekumbukwa! Nyumbani nimetamba mpaka binti yangu kasema mama, basi.

Jumatano, 5 Machi

Mchoraji kapatikana. Mwanadada, ovaroli imejaa rangi, maneno machache. Nikamwambia chora baba, mama, mtoto, maua. Akasema yeye hachori hivyo. Kwanza atakaa benchi na wagonjwa siku tatu, awaulize swali moja: ulipofika hapa, nani alikupokea? Watakachosema ndicho atakachochora. Nikakubali, tena saini nikatia. Si jibu linajulikana? Kila anayeingia anapitia kwangu!

Kitambaa changu cha kichwa, kile cha njano chenye madoa, kimechakaa. Nimenunua cha bluu, nisije nikachorwa na kichakavu.

Alhamisi, 13 Machi

Sielewi. Sielewi kabisa.

Katikati ya ukuta, mkubwa kuliko mlango — mama wa usafi! Na ndala zake, ndoo pembeni, kambeba mtoto wa watu huku mama mtu anatafuta kadi mkobani. Mwenyewe, alipojiona ukutani, kajifunika uso kwa aproni kwa haya. Eti mimi nawashikia mtoto tu, jamani. Mganga mkuu kafurahi kama kaoa.

Na mimi? Nimeupitia ukuta mara mbili kama mtu aliyedondosha pete. Simo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimo. Afadhali nisingekuwemo!

Kona ya kushoto, kidirisha. Ndani yake kitambaa cha njano chenye madoa, kichwa kimeinama juu ya daftari. Uso hamna. Mgonjwa mmoja kapita, kacheka: yule dada wa dirishani, kapatia kweli! Na mimi nimesimama ubavuni pake, hanijui.

Damu ikanichemka. Nikamvaa mchoraji, umenidhalilisha mbele ya watu! Hakubisha. Watu ishirini na sita wamenieleza kitambaa chako, kasema, na wawili kalamu yako. Uso nimewauliza, hakuna aliyeujua. Nikamwambia basi nitazame sasa hivi, uchore! Akatikisa kichwa. Anachora walichokiona wao.

Nimelia chooni. Halafu nikajicheka. Nina hasira, nina aibu, sijui nina nini. Si naandika majina yao vizuri? Nimewahi kukosea hata faili moja?

Jumapili, 16 Machi

Nimemsimulia binti yangu, nikitegemea anitetee. Yeye kasema, siku ile nilipokuja kituoni na homa uliniuliza jina, mama.

Nikabisha. Akasema nilimuuliza na umri.

Jumatatu, 17 Machi

Uzinduzi keshokutwa. Nimembembeleza mchoraji, kakubali kukaa benchi leo na kesho. Mtu akimweleza uso wangu, atauchora. Wasipomweleza, kichwa kinabaki kilivyo. Basi.

Naandika hapa hapa dirishani, foleni ikitulia. Kitambaa cha bluu nimevaa.

Wa kwanza: nikainua kichwa, nikamtazama machoni, nikatabasamu. Kashtuka! Kuna tatizo, dada? Majibu yangu mabaya?

Wa pili kageuka nyuma aone nani anachekewa.

Wa tatu, mama mwenye pacha, nikamwuliza habari za nyumbani. Kanitazama, kasema nzuri, halafu akanitajia jina lake taratibu, herufi moja moja, kama nimemwomba. Mashavu yananiuma. Hivi watu wanatabasamuje siku nzima? Mama wa usafi anawezaje, na mgongo ule?

Mchoraji yuko benchi, kijitabu mapajani, wala hajaandika kitu. Yule wa pacha kakaa naye sasa. Anamwambia nini? Kaonyesha huku kwa kidole! Kaonyesha kichwani au usoni? Kutoka hapa sioni vizuri, kioo kina vumbi. Ngoja niandike haraka kabla sijasahau: kanyoosha mkono, mchoraji kachukua penseli, ana—

Mtu anagonga kioo. Nainua kichwa: bibi mmoja, bahasha mkononi.

Mungu wangu, kasimama hapo tangu saa ngapi?