Nani Alimchongea Daktari Pruitt

Mtaa wa Magyar,
Toledo, Ohio.
17 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Etelka,

Shikamoo. Vipi goti lako? Limekubali kupanda ngazi, au bado unalibembeleza? Baba anasema huko Tucson mwezi huu wa tatu mnakaa kibarazani bila koti. Sisi bado tunakwangua barafu kwenye magari. Na kifua je? Ile dawa ya kuvuta unaitumia, au umeificha kabatini tena? Sema kweli, maana nina namba ya jirani yako.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama ameshachoka na theluji na anaisema kama mpangaji asiyetaka kuhama. Baba amekazana kupika kuku wa paprika kila Jumapili, na kila Jumapili anadai Bibi alikuwa anaweka krimu kidogo zaidi. Tunakula tu.

Krismasi uliniuliza kwenye simu kwa nini wenzangu wa idara ya dharura wanasoma ubingwa miaka mitatu, wa magonjwa ya ndani mitatu vilevile, na mimi mitano. Ukasema hiyo ni kazi mbili kwa mshahara mmoja, nikague vizuri nani anafaidika. Nilicheka, nikasema ni mafunzo ya pamoja, nikimaliza nitakuwa bingwa wa pande zote mbili. Sasa sicheki. Yamenikuta mambo ambayo siwezi kumwambia Baba, na nimeona nikuandikie wewe uliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi pale kiwanda cha vioo, kwa kuwa wewe unajua mtu akiitwa mchongezi inakuwaje.

Mpangilio wetu ni huu: miezi kadhaa niko chini, idara ya dharura, halafu nahamia juu, wodini. Katika darasa langu tunaofanya hivyo ni wawili tu, mimi na Lyle Vandersloot. Chini wanatuita watu wa juu, juu wanatuita watu wa chini. Tulikuwa tunalifanya utani.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza nilikuwa namalizia zamu zangu za chini. Akaletwa Bwana Wendell Tibbs, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, anaumwa mgongo katikati ya mabega. Alikuwa amemsaidia binti yake kupandisha sofa ghorofani. Mimi nilimpita tu. Aliyemhudumia alikuwa Garrett, kijana wa mafunzo ya dharura, chini ya Daktari Pruitt, yule mzee niliyewahi kukusimulia aliyenifundisha kushona kidonda bila kutetemeka. Wakaamua mgongo umeshtuka, wakampa dawa ya maumivu, na kwa kuwa presha yake ilikuwa juu wakampeleka wodini alale.

Jumatatu asubuhi nami nikahamia wodini. Kitanda cha kwanza, Bwana Tibbs.

"Wewe tena?" akaniambia. "Jana ulinipita hata salamu hukunipa, leo unaniita bwana. Unanifuatilia?"

Nesi akalalamika kuwa mashine ya presha ni mbovu, mkono wa kulia inasoma hivi, wa kushoto inasoma vingine kabisa. Nikaomba mashine nyingine. Ikasoma vilevile. Nikamshika mkono wa kushoto, ulikuwa wa baridi. Shangazi, presha ya mikono miwili ikitofautiana hivyo, shida si mashine. Mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni ulikuwa umechanika kwa ndani. Tulimpiga picha, wapasuaji wakamchukua, na mchana ule ule akafunguliwa kifua. Alipona. Bintiye alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Baadaye kidogo ikasikika kwamba kamati ya usalama wa wagonjwa imemwita Daktari Pruitt na Garrett wajieleze. Mtu amepeleka malalamiko. Jina halitajwi, ndiyo kanuni yao. Lakini watu hawahitaji jina. Nani alikuwa chini Jumapili na juu Jumatatu?

Hata nikiwa wodini narudi chini kwa zamu moja moja. Niliporudi mara ya kwanza nilikuta wamesimama kwenye kaunta wanacheka. Garrett akaniona, akasema, "Punguzeni sauti, redio imefika." Kicheko kikakatika. Nikaenda kumimina kahawa. Delphine, nesi mkuu wa zamu, ambaye mwaka mzima alikuwa ananiita mwanangu, akaweka mkono juu ya birika.

"Wa juu wananywa kahawa juu, mpenzi," akasema, tena kwa sauti ya upole, ambayo iliniuma kuliko angenifokea.

Nikamwambia, "Delphine, mimi sikupeleka kitu."

"Nani kasema umepeleka?"

Hapo unajibu nini? Ukikana unaonekana una wasiwasi. Ukinyamaza umekubali. Nikawa napewa wagonjwa bila maelezo. Nikiuliza jambo najibiwa, "Soma kwenye kompyuta, si unapenda kukagua?" Na mimi nikaanza kuwakagua kweli. Nikiona wawili wanaongea, nasogea. Simu ikitetemeka mezani kwa mtu, naangalia uso wake. Nilikuwa nakula chakula changu ndani ya gari, madirisha yakiwa na ukungu, nikijiambia kwamba babu yangu alipigwa mawe kwa kukataa kuvunja mgomo, na mimi mjukuu wake naitwa mchongezi.

Juu nako hakukuwa na nafuu. Daktari Hathorne, mkuu wa magonjwa ya ndani, mama wa shingo ndefu asiyependa hata kuitikia salamu, ghafla akawa ananisubiri mlangoni. "Umetuheshimisha, Piroska," akaniambia. "Wewe ni wetu." Kisha, akipanga mafaili yasiyohitaji kupangwa: "Hivi huko chini wana kawaida ya kuwaharakisha wagonjwa namna ile? Hebu niambie ulichokiona." Nikasema sijaona kitu. Akatabasamu kama mtu aliyesikia jibu lingine. Nilitoka mle nikijihisi nimeshikwa mkono na mtu mwenye gundi.

Sasa sikiliza hili. Wiki hiyo hiyo nilimwona Lyle anatoka ofisini kwa Hathorne, anafunga mlango taratibu. Aliponiona alishtuka. Akasema amekwenda kusainiwa likizo. Likizo zetu hazisainiwi pale, Shangazi. Nami nikakumbuka kwamba naye Jumapili ile alikuwa chini, chumba cha pili. Halafu katika watu wote, yeye pekee ndiye aliyebaki ananichangamkia. Ananiletea donati, ananiuliza nimelalaje. Nikajisemea: kumbe ni wewe. Umemchongea mzee, umeniachia mzigo, na sasa unanilisha donati ili dhamiri yako ilale.

Nilimbana kwenye ngazi za nyuma, mchana, watu wakiwa mkutanoni.

"Lyle, ulikuwa unafanya nini kwa Hathorne?"

"Nilishakwambia."

"Uliniambia uongo. Sema, ni wewe uliyemchongea Pruitt?"

Akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka kicheko kibaya. "Mimi? Piri, mimi tangu siku ya kwanza najua ni wewe."

"Na donati?"

"Nilikuwa nakuhurumia! Nilidhani umefanya jambo sahihi na wanakuadhibu."

Tukabaki tumesimama pale, kila mmoja ameshika reli. Ndipo akanieleza. Alikuwa amekwenda kuomba aachane na mafunzo ya pamoja, abaki na magonjwa ya ndani peke yake. Hathorne alikuwa amekubali. Kuanzia mwezi wa saba hatashuka tena chini.

"Siwezi, Piri. Kila nikihama nakuwa mgeni. Nataka mahali ambapo nikiingia hawanyamazi."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, si kumpoteza. Tena hata hapo, nikishuka zile ngazi, kisauti kiliniambia labda naye anaigiza. Ndivyo nilivyokuwa nimefikia.

Kila mwezi idara mbili zinakaa ukumbini kujadili mgonjwa mmoja aliyeharibikiwa. Mwezi wa pili zamu ilikuwa ya Bwana Tibbs. Chini walikaa kushoto, juu kulia. Lyle alikaa kulia. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango.

Daktari Pruitt alikuwa ametoka likizo. Alipanda mbele bila karatasi. Akaeleza kisa chote, kisha akasema, "Najua mnatafutana nani alipeleka malalamiko. Nimesikia jana tu, Delphine alikuwa ananipa pole. Niliyapeleka mimi. Nimejishtaki mwenyewe."

Vichwa vya pande zote mbili vikageuka nyuma, kwangu.

"Na huyu kijana Garrett," akaendelea, "aliniomba picha ya kifua. Nikamwambia tusipoteze muda, ni mgongo wa mtu aliyebeba sofa. Nilikuwa na haraka. Nimefanya kazi hii tangu baadhi yenu hamjazaliwa, na niliacha kumpima mkono wa pili. Kama kuna mtu amenuniwa kwa ajili yangu, huyo ninamwomba radhi, na nyie mliomnunia mjue mlimnunia mtu asiyehusika."

Garrett aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. Kumbe alijua alikuwa sahihi siku ile, na kwa mapenzi ya mzee wake akanyamaza, ila hasira zake akazielekeza kwangu. Sijui nimsamehe au nimcheke.

Nilimfuata mzee maegesho ya magari. "Daktari, kwa nini hukusema mapema?"

"Kamati ilinitaka ninyamaze mpaka wamalize. Na hakuna aliyeniuliza. Nikiingia mahali watu wanaacha umbea." Akapapasa mifuko akitafuta funguo. "Ulichofanya Jumatatu ile kiliniokoa hata mimi. Ningekuwa nimeua mtu. Sikujua kwamba umelipia kwa kutengwa."

Nililia kwenye gari, kisha nikala.

Basi utasema yamekwisha. Hayajaisha, Shangazi. Siku iliyofuata Delphine alinimiminia kahawa mwenyewe, akaisukuma mbele yangu. Niliitazama ile kahawa muda mrefu. Garrett alinipa mkono, nami nikahesabu nani anatutazama. Sikujijua kuwa mtu wa namna hii. Nimekuwa kama wewe ulivyokuwa ukitoka kwenye mazungumzo na wakubwa wa kiwanda, unapindua hata bahasha tupu.

Na juzi Daktari Hathorne kaniita. Anataka mwaka wa mwisho niwe kiongozi wa madaktari wote walio mafunzoni, juu na chini. Cheo kikubwa. Mtu mwingine angeruka. Mimi nilimtazama tu, nikamuuliza, "Ni kwa sababu nafaa, au kwa sababu unataka mtu wa kukuletea ya chini?"

Akacheka. Akazungusha pete kidoleni.

"Vyote viwili," akasema.

Nikamwambia, "Asante kwa kusema kweli. Nitakubali, ila leo mchana nitawaeleza wa chini kwamba umesema hivyo, kwa maneno yako hayo hayo."

Kicheko kikamwishia usoni. Lakini hakudhani nitafanya kweli. Mchana, wakati wa kukabidhiana zamu, nilisimama mbele ya ile kaunta nikawaambia wote: cheo nimepewa, nimekipokea, na sababu mbili nilizotajiwa ni hizi. Nikaongeza kuwa lolote nitakalolisema juu nitakuwa nimeshalisema hapa kwanza, wakiwa wananisikia.

Halafu Delphine akageuka kwa Garrett. "Unasikia? Huyu ni mchongezi wa pande zote mbili."

Wakaangua kicheko, Shangazi, na safari hii mimi nilikuwa ndani ya kicheko hicho. Delphine akanirushia mafaili ya wagonjwa wangu. "Chumba cha tatu anatapika, mwanangu. Kimbia."

Nikakimbia.

Baba usimwambie habari ya kuitwa mchongezi, atakuja hospitali na lile koti lake la chama cha wafanyakazi. Cheo nitamwambia mwenyewe wakati wa Pasaka. Msalimie Mjomba Kalman, mwambie ile saa aliyonipa bado inakwenda. Wasalimie na binamu zangu Ferike na Judit, na yule jirani yako anayekuchunga. Mama anakupa mkono, Baba anakuomba uje mwezi wa tano theluji ikishakwisha.

Mungu akulinde mapafu na goti, na akupe usingizi usio na kikohozi.

Nabaki mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila shaka yoyote,

Piroska