Mwanao Nimemwacha Kwenye Usajili

Dada yangu kipenzi,

Mimi mzima, kitambi ndicho kinachonitangulia mlangoni. Mkurugenzi wa ufundi wa klabu nzima, mimi niliyekimbia hesabu darasa la sita! Waandishi wakiniuliza siri ya kusajili vizuri, nawadanganya eti kompyuta. Siri ni wewe, enzi zile ukipanga timu nyuma ya gereji ya baba. Uliniweka nje, mimi mdogo wako wa damu, ukasema, "Lia kwanza, ukimaliza uniambie nani anacheza vizuri."

Dada, leo nimemwacha mwanao nje ya kikosi. Anajituma, ila ligi hii imemzidi. Nimemwambia mwenyewe, sikumtuma mtu. Akabeba viatu vyake.

Kesho atafika kwako. Usinitetee. Jumapili nakuja. Nitukaneni wote wawili, ilimradi mnifungulie mlango.

Mdogo wako, mwenye mdomo