Maneno Uliyoifundisha Simu

Kajiado, 3 Machi 2025

Mwanangu Nduta,

Habari ya Kitengela? Natumai umeamka vizuri, miguu imepungua kuvimba, na huyo wa tumboni anapiga teke kama kawaida. Mimi niko mzima, namshukuru Mungu. Duka linaenda polepole, na kile kifua kilichonisumbua Januari kimeniacha.

Simu yako ya zamani kaka yako Njogu aliniletea Jumamosi. Asante sana. Kioo kina ufa kwa kona lakini naona vizuri. Sasa nitakuwa nakuandikia, maana huko kiwandani kwenu najua cherehani zikiwaka hamruhusiwi kupokea simu.

Shida ni moja. Hii simu haina adabu. Nikiandika "Mama", kabla sijaendelea inaniletea "Omolo". Nilikuwa namwandikia Mama Caren wa chama kuhusu viti, karibu nimtumie jina la mama mkwe wako. Nikaandika tena Mama, ikaleta Omolo. Ni kama hakuna mama mwingine Kenya hii. Nifanye nini aondoke?

Halafu yale mambo yetu ya Aprili. Njahi za kukuongezea maziwa nimeshachagua, wimbi la uji nimesaga, na mbuzi wa supu nitamchukua Kiserian. Nguo zangu za mwezi mzima ziko kwa begi. Niambie tu siku ya kuja nikuoshee mtoto.

Mama yako,
Gathoni

* * *

Kitengela, 5 Machi 2025

Mum,

Umeshindaje? Mimi niko poa, miguu inavimba jioni tu. Baby yuko sawa, kliniki walisema hivyo.

Pole kwa simu. Ingia Mipangilio, halafu Lugha, halafu Kibodi, utaona pameandikwa Kamusi ya Kibinafsi. Hapo ndipo kuna maneno niliyoifundisha. Simu haijui majina yetu, lazima uyaweke mwenyewe ndio iache kuyabadilisha. Gusa jina, ufute. Hayo mengine usiyajali.

Kuhusu Aprili, nimekuwa nikitafuta siku nzuri ya kukuambia. Omolo anasema kwao mama wa msichana halali nyumbani kwa mkwe. Si kukukataa, mum, ni desturi yao. Kwa hivyo mama yake ndiye atakuja kutoka Nkoroi akae na mimi mwezi wa kwanza. Wewe utakuja na wamama wa kanisa mchana mmoja, tutawapikia. Tafadhali usikasirike.

Binti yako,
Nduta

* * *

Kajiado, 6 Machi 2025

Nduta,

Hujambo? Mwili wangu haujambo. Moyo usiuulize.

Nimeingia hiyo kamusi yako. Ulisema nisijali mengine, na mimi nimeyajali yote, nikiwa nimekaa kwa gunia la maharagwe na wateja wakisubiri. Oyawore. Nyathina. Erokamano. Kijaluo kimejaa humo, umekiandika neno kwa neno na kidole chako ili simu isimharibie huyo mama lugha yake. Nikatafuta Kikuyu. Nikatafuta maitu, yaani mama kwa lugha yetu, sikuona. Nikatafuta Gathoni. Hayupo. Simu inanipigia mstari mwekundu chini ya jina langu mwenyewe kama mwalimu aliyekasirika.

Halafu nikaona zile zimeandikwa njia za mkato. Nilizijaribu ndio nielewe. Ukiandika "om", simu inamalizia: "Oyawore mama. Umeamkaje leo? Nimekukumbuka kwa maombi yangu asubuhi hii. Mungu akulinde mpaka jioni. Binti yako Nduta." Ukiandika "mk", inamalizia: "Niko kazini mum, nitakupigia jioni."

Nilitoa simu yangu ya zamani, ile mulika mwizi, kwa droo nikasoma meseji zako. Niko kazini mum, nitakupigia jioni. Niko kazini mum, nitakupigia jioni. Mpaka Krismasi ulikuwa kazini. Nami kila jioni naweka simu karibu na jiko nisikose kuisikia.

Nina wivu, Nduta. Nakuambia hivyo wazi usije ukasikia kwa watu. Mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda chako hospitalini ulipougua mapafu. Huyo mama amekujua tangu harusi tu, na yeye anapata maombi, mimi napata herufi mbili. Sasa anapata na mtoto.

Humo kwa kamusi nimefuta mengi na mengine nimerekebisha. Simu ni yangu sasa.

Mama yako, kama bado unakumbuka,
Gathoni

* * *

Kitengela, 10 Machi 2025

Mum,

Habari yako. Sitauliza mengi leo.

Kile ulichorekebisha huko Kajiado kimerekebishika huku pia. Sikuwa nimetoa email yangu kwa hiyo simu, kwa hivyo kamusi ni moja. Mimi sikujua na najua wewe hukujua.

Ijumaa asubuhi kwa geti la kiwanda niliandika om kama kila siku. Kwa kibodi huonekana maneno ya kwanza tu, na ya kwanza hukuyagusa. Nikabonyeza, nikatuma, nikafungia simu kwa locker. Saa ya lunch nikapata Omolo amenipigia mpaka betri ikakaribia kuisha. Mama yake alikuwa amesoma hivi:

"Oyawore mama. Umeamkaje leo? Ujue huyu mtoto ana nyanya anaitwa Gathoni, yuko hai, na kuosha mtoto anakushinda. Wewe kaa Nkoroi. Binti yako Nduta."

Nilimpigia nikamweleza ni njia ya mkato, ni mama yangu aliyeibadilisha. Nilidhani nitamtuliza. Akaniuliza, "Kwa hivyo hata zile salamu za kila asubuhi ilikuwa ni mashine?" Akakata simu, na tangu hapo hapokei. Omolo analala akiangalia ukuta. Amesema mama yake hatakuja tena.

Unataka kujua kwa nini yake ilikuwa ndefu? Namwogopa. Yale maneno ya Kijaluo niliyafundisha simu kwa sababu siku moja ilibadilisha salamu yangu kwa group ya ukoo wao wote, wakanicheka wiki nzima. Wewe sikuogopi. Nilijua hata nikikuandikia herufi mbili utabaki kuwa mama yangu. Labda nilikuzoea vibaya.

Nduta

* * *

Kajiado, 11 Machi 2025

Mwanangu,

Umelala? Umekula? Nimesoma barua yako mara nyingi.

Yale maneno niliyaandika kutuliza roho, nikijua yatakaa humo kwa simu na hakuna mtu atayaona. Lakini sitakudanganya. Nilipojua yamemfikia, nilifurahi kwanza. Woga ulikuja nyuma. Nisamehe. Njogu amekuja akatoa hiyo email yako, sasa siwezi kuharibu kitu chako kingine.

Nijibu hata kama ni kwa mkato.

Mama yako,
Gathoni

* * *

Kajiado, 19 Machi 2025

Mwanangu Nduta,

Naomba tu kujua kama uko salama. Njogu anasema ulimwambia uko sawa. Kwa nini yeye umwambie na mimi usiniambie?

Mama yako

* * *

Kitengela, 2 Aprili 2025

Mum,

Habari ya huko. Nimejifungua jana mapema kuliko walivyosema. Ni msichana. Tumetoka hospitalini leo, ni mzima, ana kelele.

Omolo amerudi kazini. Jackie wa mlango wa pili ananiletea uji, lakini ana watoto wake. Mama Omolo aliambiwa, akasema hongera kwa simu, basi. Hajaja. Maji ya kumwogesha nayaogopa, kitovu nakiogopa, ananyonya anaachilia analia na mimi nalia. Nimemwambia Omolo desturi itangoja. Amenyamaza, na nimechukulia amekubali.

Njoo, mum.

Nduta wako

* * *

Nkoroi, 3 Aprili 2025

Mwanangu Nduta,

Hongera sana, mama. Pole kwa uchungu. Natumai umelala kidogo na mtoto ananyonya. Ukimweka shingo iwe juu kidogo hataachilia. Kitovu usikiguse mpaka nifike.

Usishtuke kuona hapo juu nimeandika Nkoroi. Nilitoka nyumbani alfajiri na njahi zangu na begi langu, nikiimba. Nilikuwa nimeshinda. Kufika Isinya, pale njia inagawanyika, nikaanza kufikiria nyumba ninayoenda kuingia. Mume anaangalia ukuta, nyanya mmoja hatajwi, na wewe unanyonyesha katikati. Mimi ningerudi Kajiado baada ya mwezi nikuachie hayo yote. Nikashuka, nikachukua gari la Kiserian, nikaja mpaka hapa kwa Mama Omolo. Nilikasirika njia nzima.

Alinifungulia. Alinipa chai na mandazi, akakaa mbele yangu. Nikamwambia yale matusi ni yangu, Nduta hakuandika hata moja. Akasema alijua, wewe huna Kiswahili kikali namna hiyo. Hayo hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni zile salamu. Kila asubuhi alikuwa akimsomea jirani yake anayeitwa Phylis, kumwonyesha vile mke wa mwanawe anampenda. Sasa anaona haya kupita kwa Phylis.

Nilitaka kufurahi, Nduta, nikashindwa. Nikamwambia kuhusu "mk". Nikamwambia na lile jiko. Tukanywa chai.

Baadaye akauliza, kama mtu asiyejali, kama yale maneno ya Kijaluo simu iliyajua yenyewe. Hapo ningenyamaza tu. Ningesema ndiyo, na leo ningekuwa kwako peke yangu. Lakini nikamwambia ukweli, kwamba simu haijui kitu, ni wewe uliyeifundisha lugha yake neno kwa neno, na yangu hukuifundisha hata jina langu. Iliniuma kumwambia. Akasema, "Basi huyo Nduta ananijali, na wewe pia umekuja mpaka hapa," kisha akaingia chumbani kufungasha.

Anafungasha sasa hivi nikikuandikia. Tumekubaliana hivi: yeye atalala kwako, mimi nitalala kwa Jackie, ili desturi yao isiguswe. Usiku ni wake, mchana ni wangu. Umpigie Jackie umwombe.

Usidhani wivu umeisha. Ameshona shali ya mtoto, nyeupe, na ile yangu ukiiweka kando yake ni kama ya kupangusia meza. Pia ameniambia anajua njia nzuri ya kuosha mtoto, nami nimeitikia kwa upole kwa sababu ni nyumba yake.

Tutafika kabla ya giza. Tukiingia, sisi wawili tutanyoosha mikono mara moja, yeye ni mrefu na mikono yake ni mirefu. Usimwangalie usoni. Nipe mimi kwanza.

Mama yako,
Gathoni