Leseni ya Kujifurahisha

Kliphoek, 9 Februari 2003

Mwanangu Drieka,

Natumaini u mzima huko Kimberley, wewe na joto lenu lisilo na bahari. Mimi sijambo, ila goti.

Majibu ya maombi yangu ya kibali yamekuja. Wamesema mimi si mvuvi. Nimeingia baharini kabla sijaota ndevu, leo ofisi ya uvuvi inasema haijaona ushahidi. Haki ya kuvua na kuuza wamepewa kampuni ya mjini na watu wachache wa hapa, mmoja wao ni yule mwenye duka la mvinyo, anayetapika akiiona mashua tu. Mimi nimeambiwa niende posta nikanunue leseni ya kujifurahisha, kama wageni wa likizo. Samaki kumi kwa siku, wa kula nyumbani, marufuku kuuza hata mkia.

Binti wa posta aliniuliza, "Oom Floors, na wewe umeanza kustarehe?" Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu, nimechoka kuwa tajiri." Tukacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Baba yako,
Floors


Kimberley, 2 Machi 2003

Baba mpenzi,

Goti la Baba linaendeleaje? Mimi mzima, na kazi ya kufua mashuka ya hospitali haijapungua.

Nimeipigia simu ile ofisi. Nimerushwa kwa huyu na yule, mwisho mama mmoja akasema muda wa kukata rufaa umepita. Nikamwuliza, umepita lini? Akasema, kabla barua hazijatumwa.

Namjua Baba. Atasema, mara moja tu, kwa yule mwenye hoteli. Naomba asiuze. Wakaguzi siku hizi wana darubini. Samaki wakizidi, Baba awagawie majirani. Kugawa si kosa.

Mwanao,
Drieka


Kliphoek, 4 Mei 2003

Mwanangu,

Salamu nyingi. Usishtuke, sijalala ndani.

Wiki ya Pasaka samaki wetu wa snuk walijaa mpaka pwani ikanuka. Na unajua hapa Ijumaa Kuu bila samaki wa siki na vitunguu si Ijumaa Kuu. Nilivua kumi wangu, nikabakiza mmoja, wengine nikagawa kama ulivyosema. Nilianza kwa jirani yetu Tanti Siena. Mchana bakuli zikaanza kurudi: jamu ya tini, mayai, unga. Umelelewa hapa, Drieka. Nani mtaani kwetu amewahi kurudisha bakuli tupu?

Mkaguzi alikuwa ndani ya gari ng'ambo ya barabara. Kijana mpole, kaniita Oom, kama mjomba wake, huku akiandika.

Mahakamani hakimu aliniuliza, "Ulipokea kitu?" Nikajibu, "Nilipokea jamu, mheshimiwa. Tamu sana." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema huko ni kubadilishana, na kubadilishana ni kuuza. Tanti Siena akasimama nyuma akapiga kelele, "Basi nifungeni mimi! Mimi ndiye niliyelijaza hilo bakuli!" Askari wakamtoa nje, na uzee wake wote.

Mashua wameniachia. Leseni wameifuta, na kwa miaka miwili sitakiwi kugusa ugwe wa kuvulia. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini hakuna aliyeniuliza tena.

Baba yako,
Floors


Kimberley, 11 Mei 2003

Baba,

Mimi ndiye niliyesema agawe. Baba anisamehe. Aniandikie, hata kunigombeza.

Drieka


Kimberley, 15 Juni 2003

Baba mpenzi,

Sijui hali ya Baba, maana barua yangu haikujibiwa. Tanti Siena amenitumia salamu, anasema Baba anashinda ukutani bandarini, anawatazama watu wa likizo wakivua.

Jana nilienda posta ya hapa nikanunua leseni. Walitaka kitambulisho tu. Hawakuuliza kama nimewahi hata kushika samaki aliye hai. Julai nakuja. Baba ataniongoza kwa mdomo.

Mwanao,
Drieka


Kliphoek, 27 Juni 2003

Drieka,

Mimi mzima. Njoo. Lete sweta, na siku ya kwenda kuvua usile asubuhi, wewe na bahari hampatani.

Nimemwuliza yule mkaguzi. Naruhusiwa kukaa ndani ya mashua yangu mwenyewe, mradi nisiguse kitu.

Baba yako


Kimberley, 3 Agosti 2003

Baba mpenzi,

Nilifika salama, na natumaini Baba hajambo. Vidole vyangu vinaanza kupona. Wenzangu kazini wanauliza nimepigana na nani. Sikujua ugwe ule unakata hivyo, na sikumbuki Baba kulalamika hata siku moja.

Samaki wawili si haba kwa mtu anayetapika. Namfikiria yule wa tatu, yule mkubwa aliyenitoka ubavuni mwa mashua. Baba alisema, "Usilegeze, Drieka, usilegeze." Alidhani nayatazama maji. Nilikuwa namtazama yeye. Baba alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa, na mabega yake yanavuta pamoja nami.

Tulipofika pwani niliishika ile mikono. Ilikuwa baridi, na alama za ubao wa kukalia zilikuwa hazijafutika. Nilitaka kusema kitu tangu pale mpaka kituo cha basi, na hata sasa nimekaa na kalamu na sikijui. Baba aniandikie.

Mwanao,
Drieka